Kodi ya jengo kwenye LUKU: namna ya kuisoma, kuirekebisha na kuifuatilia hadi mtaani kwako

Tangu Agosti 20, 2021, kodi ya majengo Tanzania Bara hukatwa kwenye manunuzi ya umeme wa LUKU, yaani umeme unaolipiwa kabla ya kutumika, na tangu wakati huo maswali ninayoulizwa na majirani, ndugu na wapangaji hayajabadilika. Kwa nini uniti zimepungua ilhali nimenunua kwa fedha ileile? Mimi ni mpangaji, iweje nikatwe kodi ya nyumba isiyo yangu? Nina mita mbili, je, ninalipa mara mbili? Na fedha hizi zinakwenda wapi, mbona lundo la taka pale kona halijaondolewa? Nimeona ni vyema niandike majibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio wa hatua, ili anayeanza aweze kufuata tangu kwenye ujumbe wa tokeni hadi kwenye kikao cha baraza la madiwani.

Mwongozo huu unahusu Tanzania Bara peke yake. Zanzibar ina mamlaka yake ya mapato, ZRA, na taratibu zake, kwa hiyo msomaji wa Unguja au Pemba asiutumie kudai haki yake huko.

Andaa vitu hivi kabla ya kuanza

Tafuta jumbe za tokeni za miezi mitatu au minne iliyopita, na kama umezifuta, mwombe wakala au mtandao unaotumia kununulia umeme akupatie kumbukumbu za manunuzi. Andika pembeni namba ya kila mita iliyopo kwenye kiwanja chako, yenye tarakimu 11, na usiichanganye na tokeni yenyewe, ambayo ina tarakimu 20. Uwe na kitambulisho cha Taifa, TIN (namba ya mlipakodi) ikiwa unayo, na karatasi yoyote inayoonyesha kuwa jengo ni lako: hati, leseni ya makazi, mkataba wa mauziano, au barua ya serikali ya mtaa. Mpangaji aandae mkataba wake wa pango. Mwisho, chukua daftari moja la kawaida, kwa sababu shauri la kodi ya jengo hushinda au hushindwa kwa kumbukumbu, na simu huibiwa.

Mambo machache ya kuelewa kwanza

Kodi hii ilikuwa ya halmashauri kwa miaka mingi. Mwaka wa fedha 2016/17 ukusanyaji wake ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, na mwaka 2018 vikaja viwango mfuto, yaani kiasi kimoja kwa kila nyumba bila kuangalia thamani yake. Mwaka 2021 kiwango kikawa shilingi 12,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida na 60,000 kwa kila sakafu ya ghorofa, kikaunganishwa na LUKU. Kuanzia Julai 2023 viwango vilipanda hadi shilingi 18,000 kwa nyumba ya kawaida, ambayo ni 1,500 kwa mwezi, na shilingi 90,000 kwa kila sakafu ya ghorofa katika majiji, manispaa na miji, ambayo ni 7,500 kwa mwezi.

Kiwango mfuto kina urahisi wake, kwa kuwa hakuna mthamini anayekuja kupima nyumba na hakuna mwanya wa kuelewana naye pembeni. Lakini ninaamini kina dhuluma ndani yake, kwa sababu nyumba ya chini ya vyumba viwili kule Mbagala hulipa sawasawa na nyumba ya chini yenye bwawa la kuogelea kule Masaki. Siku utakapopata nafasi ya kuzungumza na mbunge wako, hilo ni jambo la kumwambia. Kwa leo, tufuate sheria ilivyo.

Hatua ya 1: Soma ujumbe wa tokeni mstari kwa mstari

Watu wengi huangalia tarakimu 20 za tokeni, wakaziingiza kwenye mita na kufuta ujumbe. Usifanye hivyo. Chini ya tokeni kuna hesabu nzima: gharama ya umeme wenyewe, kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ya asilimia 18, tozo ya mdhibiti wa huduma za nishati na maji, EWURA, ya asilimia 1, tozo ya Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ya asilimia 3, na mstari wa makato ambao katika mitandao mingi umeandikwa kama deni lililokusanywa. Neno hilo la deni limewatisha wengi wakadhani wanadaiwa umeme wa zamani. Mara nyingi ni kodi ya jengo.

Tuchukue mfano wa mtu anayenunua umeme wa shilingi 5,000. Katika mwezi ambao kodi imekwisha kukatwa, ujumbe wake utaonyesha gharama ya umeme 4,098.36, VAT 737.70, EWURA 40.98 na REA 122.95, na ukijumlisha unapata 5,000 isiyopungua wala kuzidi isipokuwa senti moja ya makadirio. Kwa mteja wa kundi la T1, yaani la matumizi ya kawaida, ambaye uniti yake ni shilingi 292 kabla ya tozo, hizo ni uniti 14 hivi. Sasa mtu huyohuyo anunue shilingi 5,000 kwa mara ya kwanza mwezi unaofuata. Kwanza shilingi 1,500 zinatolewa kama kodi ya jengo, zinabaki 3,500, na hesabu ya tozo inafanyika kwenye hizo zilizobaki: umeme 2,868.85, VAT 516.39, EWURA 28.69 na REA 86.07. Uniti anazopata ni 9.8. Hapo ndipo malalamiko ya kuwa umeme umepanda yanapoanzia, wakati bei ya umeme haijaguswa.

Onyo: makato haya hufanyika kwenye ununuzi wa kwanza wa mwezi. Ukilinganisha ununuzi wa kwanza wa mwezi huu na ununuzi wa tatu wa mwezi uliopita, utapata tofauti ambayo si kosa la mtu yeyote. Linganisha ununuzi wa kwanza na wa kwanza.

Hatua ya 2: Hakikisha kiasi unachokatwa kinalingana na jengo lako

Nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa inapaswa kukatwa shilingi 1,500 kwa mwezi. Ukiona 3,000, usikimbilie kulalamika kabla hujajiuliza kama mwezi uliopita ulinunua umeme. Nyumba iliyokaa bila kununua umeme kwa miezi miwili hulimbikiza kodi, na siku mtakaponunua mtakatwa kwa pamoja. Jambo hili huwakuta sana wenye nyumba walio safarini, na wale waliopata wapangaji wapya baada ya nyumba kukaa tupu, ambapo mpangaji anaingia na begi lake, ananunua umeme wa kwanza, na anakuta elfu kadhaa zimekwenda kulipia miezi ambayo hakuwepo. Mwenye nyumba muungwana huweka umeme wa mwanzo mwenyewe ili alipe malimbikizo yake.

Ukiona 7,500 au mafungu yake, na si malimbikizo ya miezi iliyorukwa, maana yake jengo limeandikwa kuwa ni ghorofa. Kama nyumba yako ni ya chini, hilo ni kosa la taarifa na linarekebishwa kwa njia nitakayoeleza kwenye hatua ya 3.

Viwango hivi huwekwa na Bunge. Sheria ya Fedha hupitishwa kila Juni na huanza kutumika Julai 1, kwa hiyo kila Julai soma ujumbe wako wa kwanza kwa makini zaidi kuliko miezi mingine.

Hatua ya 3: Hesabu mita zako, kisha hesabu majengo yako

Hii ndiyo hatua yenye matatizo mengi kuliko zote, kwa sababu mfumo unatambua mita ilhali sheria inatoza jengo, na katika miji yetu mita na majengo havilingani. Kuna nyumba moja yenye mita nne kwa kuwa kila mpangaji ana yake, na kuna mita moja inayohudumia nyumba kubwa, banda la uani na nyumba ya jirani aliyeunganishiwa kwa waya.

Kaka yangu ana nyumba Mbagala yenye fremu moja mbele, ambayo ameikodisha kwa fundi cherehani, na fremu ile ina mita yake. Kwa miezi saba mita ya nyumba ilikatwa 1,500 na mita ya fremu ikakatwa 1,500, na hakuna aliyegundua kwa sababu fundi alikuwa akinunua umeme wake kimyakimya akidhani ndivyo ilivyo kwa wote. Siku fundi alipomwonyesha kaka ujumbe wake, tulikaa kibarazani tukaweka simu mbili kando kwa kando, ujumbe wa tarehe 2 wa mita ya nyumba na ujumbe wa tarehe 5 wa mita ya fremu, mwezi mmoja, jengo moja, makato mawili. Ilikuwa shilingi 10,500 za ziada. Kosa lilikuwa letu: mita ya fremu ilipofungwa, hakuna aliyekwenda kutoa taarifa kwamba ipo kwenye jengo ambalo tayari linalipiwa.

Ikiwa una hali kama hiyo, fanya hivi. Andika kwenye karatasi moja namba za mita zote zilizopo kwenye jengo, chagua mita moja ambayo ungependa ibebe kodi (ninashauri iwe ile unayoitumia wewe mwenye nyumba), na ueleze matumizi ya zile nyingine. Ambatisha nakala ya kitambulisho, uthibitisho wa umiliki na barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji inayothibitisha kuwa mita hizo zipo kwenye jengo moja. Peleka ofisi ya TRA inayohudumia eneo lako, kwa kuwa kodi ni ya TRA. TANESCO, shirika la umeme, ni mkusanyaji tu, na mtu wa dirisha la umeme hawezi kukufutia kodi hata akikuonea huruma. Jaza fomu utakayopewa, omba nakala yako igongwe mhuri na kuandikwa tarehe ya kupokelewa, na usiondoke bila nakala hiyo.

Kwa wenye ghorofa hesabu ni nzito zaidi. Jengo lililosajiliwa kuwa na sakafu mbili zinazotozwa linadaiwa shilingi 180,000 kwa mwaka, yaani 15,000 kwa mwezi, hata kama lina mita sita. Mwenye jengo ndiye anayepaswa kueleza TRA ni mita zipi zibebe kiasi hicho. Asipofanya hivyo, mpangaji mmoja wa chumba cha juu anaweza kujikuta amebeba mzigo wa wenzake wote.

Onyo: uaminifu hapa unakulinda. Ukiwa na mita moja na nyumba mbili, unadaiwa kodi ya nyumba mbili. Kukaa kimya hakufuti deni, na siku utakapotaka kuuza nyumba ya pili, deni la miaka litakusubiri mezani.

Hatua ya 4: Mpangaji na mwenye nyumba waandikiane

Anayedaiwa kodi ya jengo kisheria ni mmiliki. Mpangaji anayekatwa kupitia LUKU amelipa kwa niaba ya mwenye nyumba, na ana haki ya kurudishiwa au kupunguziwa kwenye kodi ya pango. Serikali yenyewe ilieleza hivyo wakati utaratibu ulipoanza. Hata hivyo haki isiyo na karatasi hugeuka ugomvi, na shilingi 1,500 ni kiasi ambacho watu huona aibu kukidai hadi kimefika 18,000, ambapo sasa kinadaiwa kwa hasira.

Njia nzuri ni kuongeza sentensi moja kwenye mkataba: “Kodi ya jengo itakayokatwa kwenye mita namba fulani itafidiwa na mwenye nyumba kwa kupunguzwa kwenye pango la kipindi kinachofuata, kwa kuonyesha jumbe za manunuzi.” Anayelipa miezi sita kwa mkupuo atapunguza shilingi 9,000 kwenye mkupuo unaofuata, na mambo yanaisha. Kama mkataba wenu ni wa mdomo, mwandikie mwenye nyumba ujumbe wa heshima ukimwomba akubali kwa maandishi, kisha uhifadhi jibu lake.

Nyumba yenye wapangaji wengi na mita moja inahitaji maelewano ya ziada. Mara nyingi watu huchanga umeme kwa zamu, na yule ambaye zamu yake inaangukia mwanzoni mwa mwezi ndiye anayekatwa. Gawaneni kile kiasi kabla ya kugawana uniti, au mkubaliane kwamba ununuzi wa kwanza wa mwezi ni wa mwenye nyumba.

Hatua ya 5: Omba msamaha ikiwa unastahili

Sheria ya ukadiriaji wa majengo, Sura ya 289, imewaachia baadhi ya watu na majengo. Mzee mwenye umri wa miaka 60 au zaidi husamehewa kwa nyumba moja anayomiliki na kuishi mwenyewe, na ipo nafuu kwa mtu mwenye ulemavu asiye na kipato. Nyumba za udongo, za tope na za kuezekwa kwa nyasi zinazotumika kwa makazi hazitozwi. Vilevile zipo nyumba za ibada na majengo mengine ya huduma ambayo sheria imeyataja.

Msamaha huu hauji wenyewe, kwa sababu mita haijui umri wa mtu. Mpeleke mzee wako, au upeleke nyaraka zake kwa idhini yake, ukiwa na kitambulisho chake cha Taifa kinachoonyesha tarehe ya kuzaliwa, namba ya mita, uthibitisho wa umiliki, na barua ya serikali ya mtaa inayosema anaishi humo. Ninawasihi vijana wenye simu za kisasa wafanye kazi hii kwa ajili ya bibi na babu zao. Mzee anayenunua umeme wa shilingi 2,000 akakatwa 1,500 anabaki na uniti chache mno za kuwashia taa, ilhali sheria ilikwisha kumsamehe.

Onyo: wengi huomba msamaha kwa nyumba waliyopangisha, au kwa nyumba tatu za mzee mmoja. Msamaha ni wa nyumba moja, ile anayoishi. Kuandika uongo kwenye fomu ya kodi ni kosa lenye adhabu, na kunachelewesha maombi ya wazee wanaostahili.

Hatua ya 6: Ikiwa jengo halina LUKU

Jengo lisilo na umeme, au linalotumia mita ya ankara ya mwisho wa mwezi, halijasamehewa kwa sababu hiyo tu. Nenda TRA upatiwe namba ya malipo ya Serikali, ile ambayo wengi tunaiita kontroli namba, ulipe benki au kwa simu na utunze risiti. Usimpe fedha taslimu mtu anayepita nyumba kwa nyumba akidai anakusanya kodi ya majengo, hata akiwa na kitambulisho shingoni na daftari la risiti. Malipo halali yana namba ya malipo na jina la taasisi inayopokea huonekana kabla hujathibitisha.

Hatua ya 7: Tenganisha kodi hii na nyingine zinazofanana nayo

Neno kodi linatuchanganya. Kodi ya jengo ni hii ya LUKU. Kodi ya pango la ardhi hulipwa kila mwaka kwa wizara inayohusika na ardhi, na huhesabiwa kwa ukubwa wa kiwanja, mahali kilipo na matumizi yake. Ukilipa moja hujalipa nyingine. Kodi ya zuio kwenye pango, ya asilimia 10, inahusu kipato anachopata mwenye nyumba kwa kupangisha. Ada ya taka ni ya halmashauri, na hukusanywa kwa utaratibu ambao kila halmashauri imeuweka. Katika daftari lako, fungua ukurasa mmoja kwa kila moja na uandike tarehe, kiasi na namba ya risiti.

Hatua ya 8: Ifuatilie fedha yako hadi kwenye huduma

Hatua hii huachwa na wengi, nami ndiyo ninayoithamini zaidi. Shilingi 18,000 kwa mwaka ni kama shilingi 50 kwa siku, lakini mtaa wenye nyumba 600 za kawaida unachangia shilingi 10,800,000 kwa mwaka. Wakazi wa mtaa huo wana kila sababu ya kuuliza.

Kwanza jua wa kumwuliza. Fedha ikitoka kwenye LUKU inaingia TRA na kwenda Mfuko Mkuu wa Hazina, na halmashauri hupata sehemu kwa njia ya mgawo kutoka Serikali Kuu, juu ya mapato yake ya ndani kama vile ushuru wa masoko, leseni na ushuru wa huduma. Halmashauri inahusika na uzoaji wa taka, masoko, zahanati na vituo vya afya, na majengo ya shule za msingi na sekondari. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu mwaka 2017, kwa hiyo kumfokea mwenyekiti wa mtaa kwa ajili ya shimo la barabarani ni kumwonea. Maji mijini ni ya mamlaka ya maji ya eneo husika, mfano DAWASA kwa Dar es Salaam, na vijijini ni ya RUWASA.

Pili, jua wakati wa kuuliza. Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kuisha Juni 30, lakini bajeti ya halmashauri hujadiliwa mapema, miezi ya mwanzo ya mwaka, kabla ya Bunge la Bajeti kuanza Aprili. Hoja unayoipeleka Mei imechelewa. Ipeleke kwenye mkutano wa mtaa kati ya Oktoba na Desemba, uhakikishe imeandikwa kwenye muhtasari, na umfuate diwani, ambaye ni mwenyekiti wa kamati ya maendeleo ya kata, umwombe aipandishe. Baraza la madiwani hukaa kila robo mwaka, na mwananchi anaruhusiwa kuingia na kusikiliza.

Tatu, uliza swali linalojibika. Ukisimama kwenye mkutano ukasema “fedha zetu zinaliwa”, utapigiwa makofi na utarudi nyumbani bila kitu. Uliza hivi: “Katika mwaka wa fedha uliopita, halmashauri ilipokea kiasi gani kama mgawo wa kodi ya majengo, na kata yetu ilipata mradi gani?” Mtendaji asipokuwa na jibu siku hiyo, mwombe lisomwe mkutano ujao. Lisiposomwa, andika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri ukitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo inampa raia haki ya kuomba taarifa na inaitaka ofisi ijibu ndani ya siku 30. Barua iwe fupi, ya swali moja au mawili, na ubaki na nakala yenye mhuri wa mapokezi.

Nne, soma ubao. Halmashauri na ofisi za kata na mitaa zinatakiwa kubandika taarifa za mapato na matumizi. Piga picha kila unapopita, kwa kuwa karatasi ya Machi ukiilinganisha na ya Juni ndiyo inayoonyesha fedha ilivyotembea. Ripoti ya ukaguzi ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kuhusu serikali za mitaa nayo huwasilishwa bungeni kila mwaka mwezi Aprili na kuwekwa wazi, na unaweza kutafuta humo jina la halmashauri yako.

Pale mambo yanapokwama

*Nimekatwa mara mbili kwa mwezi mmoja kwenye mita ileile.* Angalia kwanza kama makato ya pili ni malimbikizo ya mwezi uliorukwa. Kama sivyo, peleka jumbe zote mbili TRA pamoja na orodha ya manunuzi ya miezi sita.

*Nimepeleka fomu na makato yanaendelea.* Rudi na nakala yako yenye mhuri, na uombe jina la ofisa anayeshughulikia jambo lako. Endelea kuhifadhi jumbe, kwa kuwa kila ujumbe baada ya tarehe ya mhuri ni ushahidi. Kuhusu fedha zilizokwisha kukatwa kwa makosa, andika barua ukiomba zihesabiwe kwenye miezi ijayo, na utaje kila ununuzi kwa tarehe na kiasi. Kaka yangu aliandika barua ya ukurasa mmoja yenye mistari saba ya makato, na mezani haikuulizwa swali hata moja.

*Nimenunua umeme wa shilingi 1,000 na sikupata kitu.* Ununuzi wa kwanza wa mwezi unapaswa kuzidi makato. Nunua kiasi kikubwa kidogo mara ya kwanza, kisha urudi kwenye mafungu yako madogo.

*Nimenunua nyumba, na mita ina malimbikizo ya mwenye nyumba wa zamani.* Hili huzuiwa kabla ya kusaini. Mtake muuzaji anunue umeme mbele yako siku ya makabidhiano, usome ujumbe pamoja naye, na deni lolote litolewe kwenye bei. Ukiwa umeshasaini, peleka mkataba wa mauziano TRA ili umiliki ubadilishwe, halafu umdai muuzaji kwa mkataba huo.

*Mita bado ina jina la marehemu baba.* Makato yanaendelea kama kawaida, lakini msamaha wa mama mjane mwenye zaidi ya miaka 60 utakwama mpaka umiliki uonekane ni wake. Anzeni na mirathi mahakamani, mpate barua ya msimamizi, kisha mwende TRA na TANESCO kwa siku moja mkiwa na nakala za kutosha, kwa sababu kila ofisi itabaki na yake.

*Mwenye nyumba amekataa kunirudishia.* Orodhesha makato yote kwa tarehe, mpe kwa maandishi, na akiendelea kukataa, nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa mkiwa na mkataba. Usijipunguzie pango bila kumwarifu, kwani hapo wewe ndiwe utakayeonekana umevunja mkataba, na shauri lako jema litageuka kuwa la kufukuzwa nyumba.